Kubana Video ili Neno la Amani Lifike

Mazungumzo yaliyotolewa Lubumbashi na mfanyakazi wa shirika la mahali, mbele ya familia zilizohamishwa na vita pamoja na viongozi wao.

Najua saa mnayokaa hapa ni saa ambayo mngekuwa sokoni au shambani, kwa hiyo nitajitahidi kusema mambo ambayo mtayatumia.

Mada yetu ya leo inaonekana kuwa ya mafundi: namna ya kupunguza uzito wa video ili iweze kuonekana kwenye tableti ndogo au simu ya kawaida. Mtu ana haki ya kuuliza, hilo linahusiana nini na amani? Naomba nianze na swali hilo.

Hapa Lubumbashi tunaishi na watu wa kutoka pande nyingi. Wapo waliokimbia Mitwaba, Pweto na Manono, eneo ambalo kwa miaka mingi liliitwa pembetatu ya kifo. Wapo waliotoka Tanganyika, ambako kuanzia 2013 Watwa na Waluba walichomeana vijiji na kukimbizana. Wapo waliotoka Kasai wakati wa machafuko ya 2016 na 2017. Kila familia ina jamaa waliobaki nyuma, na kila familia inajiuliza swali moja: tutarudi lini, na tutapokelewa na nani?

Jibu la swali hilo huanza kutafutwa kwenye mazungumzo. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanaambiana mabaya yaliyopita, wanapatana juu ya mashamba, visima na njia. Lakini aliyekimbia hayupo pale. Anaambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Angemwona mzee wa upande wa pili kwa macho yake, angesikia sauti yake ikitoa ahadi, angeweza kupima mwenyewe. Ndiyo sababu mazungumzo hayo yanarekodiwa.

Sasa tazameni tatizo. Kipande cha sekunde thelathini chenye matusi juu ya kabila fulani ni chepesi. Kinapita kutoka simu hadi simu, na kabla ya jua kuzama kimefika mitaa yote ya Katuba na Kenya. Lakini kikao cha amani cha dakika 45 ni kizito. Hakiingii kwenye simu, kinakwama katikati, kinamaliza mega za mtu na chaji ya betri. Hivyo neno baya linatembea na neno jema linabaki ndani ya ordinateri ya ofisi. Sisi tunaotaka amani lazima tujifunze kulifanya neno jema kuwa jepesi.

Tulikotoka

Kazi ya kupeleka picha na sauti kwa watu si mpya. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, na wengi wetu tulijua habari za nchi yetu kwa kusikiliza redio ndogo ya betri. Mwaka 2007 dada wawili kutoka Uholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walitoa filamu Fighting the Silence, juu ya wanawake wa Kongo waliobakwa wakati wa vita. Filamu hiyo ilionyeshwa mashariki mwa nchi yetu kwa sinema ya kutembea: kitambaa kikubwa, mashine ya kuonyeshea, jenereta na spika. Kijiji kizima kilikaa pamoja, kikatazama, kisha kikajadiliana.

Sinema ya namna hiyo bado ina faida yake. Lakini inahitaji gari, mafuta na njia inayopitika. Familia zilizopangishwa chumba kimoja kimoja Ruashi au Kampemba hazikai mahali pamoja kama kijiji. Kwao tableti moja yenye spika ndogo inatosha kikundi cha watu kumi, chini ya mwembe au ndani ya chumba. Inachajiwa mara moja, inabebwa mkobani, na haihitaji intaneti. Inachohitaji ni faili linalolingana na nguvu zake.

Kwa nini video ni nzito

Picha ya video imeundwa kwa nukta ndogo sana za rangi, ambazo mafundi wanaziita pikseli. Simu nyingi za leo zinarekodi picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Hizo ni nukta zaidi ya milioni mbili kwa picha moja, na kila sekunde ina picha 25 au 30. Tukiipunguza picha iwe nukta 640 kwa 360, tunabaki na nukta 230,400, yaani sehemu moja ya tisa. Kwenye kioo cha tableti ndogo, sura ya mtu anayezungumza bado inatambulika vizuri.

Kuna jambo la pili. Video haiandiki kila picha upya. Mfikirie mwalimu na daftari lake la mahudhurio. Siku ya kwanza anaandika majina ya wanafunzi wote. Siku zinazofuata anaonyesha tu ni nani hakuja. Video inafanya vilevile: inaandika picha moja nzima, halafu kwa picha zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ndiyo maana mzee aliyekaa kitini mbele ya ukuta mtupu anabanwa vizuri, kwa sababu kinachobadilika ni mdomo na mikono yake tu. Lakini mkirekodi huku simu inatikisika, nyuma kuna majani yanayopeperuka na watu wanaopita, kila kitu kinabadilika kila mara, na faili linakuwa zito au picha inavunjika vipande.

Kwa hiyo kubana video kunaanza kabla ya kurekodi. Egemeza simu mahali imara. Ilaze kwa upana. Chagua ukuta usio na mapambo. Mkalishe msemaji mahali penye mwanga wa kutosha, maana picha ya gizani ina chembechembe nyingi zinazorukaruka, nazo pia zina uzito.

Hesabu ambayo kila kiongozi anaweza kuifanya

Uzito wa video unategemea mambo mawili tu: data inayotumika kila sekunde, na urefu wa muda. Data hiyo hupimwa kwa kilobiti. Chukua kilobiti za sekunde moja, zidisha kwa idadi ya dakika, zidisha kwa 7.5, halafu gawanya kwa 1000. Utapata megabaiti, zile ambazo mtaani tunaziita mega.

Tufanye mfano wa kikao chetu cha dakika 45. Tuseme simu imerekodi kwa kilobiti 16,000 kwa sekunde, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa picha kubwa. Hesabu inatoa megabaiti 5400, yaani zaidi ya jigabaiti 5. Hapo kuna kikwazo kingine: kadi za memori zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao ndio wa kadi nyingi zisizozidi jigabaiti 32, hazipokei faili moja linalofikia jigabaiti 4. Unaweza kuwa na kadi tupu kabisa, na bado ikakataa. Wengi wanadhani kadi imekufa, kumbe faili ndilo limezidi kipimo.

Sasa tubane: picha kilobiti 500, sauti kilobiti 64, jumla 564. Zidisha kwa 45 na kwa 7.5, gawanya kwa 1000. Tunapata megabaiti 190 hivi. Kadi ya jigabaiti 8 iliyokataa kikao kimoja sasa inabeba vikao zaidi ya 35 vya urefu huo.

Na tukichukua sauti peke yake kwa kilobiti 64, dakika 45 zinakuwa megabaiti 22 hivi. Hata simu ndogo ya vibonye yenye kadi inaweza kuicheza. Msidharau njia hiyo. Kwa mama anayepika au baba anayeshona viatu, sauti inatosha.

Hatua za kufuata

Kuna programu ya bure inayoitwa HandBrake. Inawekwa kwenye ordinateri mara moja, na baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, hifadhi video kama ilivyotoka kwenye simu. Tuiite nakala mama. Iweke sehemu mbili tofauti, na usiiguse tena.

Pili, fungua nakala mama ndani ya programu na uchague faili la aina ya MP4, kwa ubanaji wa H.264. Ubanaji huu ulipitishwa mwaka 2003, na karibu kila simu na tableti inaufahamu. Kuna mwingine wa mwaka 2013, H.265, ambao unaweza kupunguza uzito hadi karibu nusu kwa picha ileile. Lakini tableti za bei ndogo na za zamani mara nyingi zinashindwa kuufungua: picha inakwama, au sauti inasikika bila picha. Kama hamjui ni vifaa gani vitatumika, bakini na H.264.

Tatu, punguza ukubwa wa picha uwe 640 kwa 360. Kama kuna ramani au maandishi yanayotakiwa kusomwa, panda kidogo hadi 854 kwa 480.

Nne, weka wastani wa kilobiti 500 kwa picha. Kwa sauti chagua AAC, njia moja badala ya mbili, kilobiti 64. Msipunguze sauti zaidi ya hapo ili tu kuokoa mega chache. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini asiposikia neno la mzee, kikao kimepotea.

Tano, jaribu kwanza kipande cha dakika moja. Ordinateri ya zamani inaweza kuchukua muda mrefu kubana kikao kizima, na tunajua umeme wetu unavyokatika. Si vizuri kungoja saa mbili ndipo ugundue kwamba sauti haipo.

Sita, nakili faili kwenye kadi, iweke ndani ya tableti ileile itakayotumika, kisha tazama mwanzo, katikati na mwisho. Faili lililochezwa vizuri ofisini halijathibitishwa mpaka lichezwe mkononi mwa kikundi.

Kama hamna ordinateri, ingieni kwenye mipangilio ya kamera ya simu na kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kurekodi. Simu nyingi zinaruhusu hivyo. Nakala mama haitakuwa nzuri sana, lakini itaingia mahali inapotakiwa.

Jihadharini na tabia ya kubana kilichokwisha kubanwa. Ninyi nyote mnajua fotokopi ya kadi ya uchaguzi. Ya kwanza inasomeka. Ukitoa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, sura inakuwa nyeusi na jina halionekani, na mtu wa ofisi anaikataa. Video ni vilevile. Kila inapobanwa upya inapoteza kitu kisichorudi. Hata WhatsApp inaibana tena video unayoituma kwa njia ya kawaida; ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama dokima. Kila nakala mpya itoke kwa nakala mama.

Kubana si kukata

Hapa nawaomba wazee na viongozi wasikilize sana. Kuna njia mbili za kufanya video iwe nyepesi, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kubana: maneno yote yanabaki, picha inapungua ubora. Ya pili ni kukata: picha inabaki nzuri, maneno yanapungua. Kubana kunapoteza nukta, kukata kunaweza kupoteza maana.

Chukueni mfano wa mzee anayesimama kikaoni na kusema: "Walichoma nyumba yangu, waliua ng'ombe wangu, sikulala usingizi mwaka mzima." Anapumzika, anafuta uso, halafu anaendelea: "Na sisi tulichoma za kwao. Sasa nataka tulime pamoja." Ukikata baada ya sentensi ya kwanza ili video iwe fupi, umebeba kilio ukaacha toba na ahadi. Kila neno ulilobeba ni la kweli, lakini ujumbe umegeuka kuwa mwito wa kisasi. Na kwa sababu ni kifupi na chepesi, ndicho kitakachotembea kuliko vyote.

Kwa hiyo napendekeza kanuni nne kwa vikundi vyetu. Mkiweza kubana bila kukata, baneni tu. Ikibidi kukata, kila kipande kiwe na maneno ya pande zote mbili. Anayekata asiwe peke yake: wakae watu wawili, mmoja wa kila upande, na watazame pamoja kabla kipande hakijatoka. Na mwanzoni mwa kila kipande iseme sauti kwamba hiki ni kifupi cha kikao cha mahali fulani, tarehe fulani, na kikao kizima kinapatikana kwa nani.

Tarehe ni jambo kubwa. Video ya zamani ikionyeshwa kama ya leo inaweza kuwafanya watu wafunge mizigo usiku. Jina la faili liwe na mahali, siku, mwezi, mwaka, lugha na dakika. Mtu akileta video isiyo na mambo hayo, mwulizeni kwanza ilirekodiwa wapi na lini, kabla ya kuipitisha kwa mwingine.

Uso wa mtu hauna uzito mdogo

Jambo la mwisho ni usalama. Video nzito ina mlinzi, nao ni uzito wake. Tukiipunguza, tunamwondoa mlinzi huyo. Mama aliyekubali kurekodiwa akidhani wataona watu kumi wa kikundi chake anaweza kuonekana Manono, Kalemie na Kinshasa wiki ileile. Ikishatoka kwenye kadi yenu, hakuna anayeweza kuirudisha.

Kwa hiyo kumwuliza mtu mara moja tu hakutoshi. Mwulizeni kabla ya kurekodi: unakubali? Mwulizeni tena baada ya kumwonyesha: unakubali ifike kwenu ulikotoka? Unakubali uso wako uonekane, au sauti tu? Anaweza kukubali hapa mjini na kukataa kijijini, kwa sababu bado ana mtoto au shamba kule. Akikataa, msimbembeleze. Mtoto asionyeshwe uso wala asitajwe jina, na aliyetendewa ubakaji alindwe vilevile.

Msidhani kwamba picha ikibanwa uso unafichika. Kwa kipimo cha 640 kwa 360 jirani yake atamtambua, na sauti yake itatambulika hata gizani. Anayetaka kufichwa arekodiwe kwa sauti tu, au neno lake lisomwe na mtu mwingine.

Simu nyingi pia huandika ndani ya faili mahali video ilipochukuliwa. Zimeni kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kurekodi. Na msitumie tovuti zinazosema zitabana video yenu bure: ili kuibana, lazima kwanza uitume kwenye mashine ya mtu usiyemjua. Video ya harusi, sawa. Ushuhuda wa vita, hapana.

Baada ya kutazama

Ndugu zangu, video haipatanishi watu. Inafungua mlango tu. Tableti ikizimwa ndipo kazi inaanza. Mwongoze mtu anayeheshimiwa na pande zote, na kama wapo wasiosikia vizuri lugha ya msemaji, iwe Kiluba, Kibemba, Tshiluba au Kiswahili, simamisheni video kila dakika chache mtu atafsiri. Msitegemee maandishi ya chini: kwenye kioo kidogo hayasomeki vizuri, na si wote waliopata nafasi ya kusoma.

Kisha jadilianeni. Napendekeza maswali haya:

1. Ni nani tuliyemsikia, na ni upande gani ambao hatukuusikia?

2. Ni ahadi gani iliyotolewa, na ni nani atakayeifuatilia?

3. Kuna neno gani lililotuumiza, na lilisemwa kabla na baada ya maneno gani?

4. Sisi tulio Lubumbashi tunataka kuwajibu nini, na ni nani anayekubali kurekodiwa?

Swali la nne ndilo ninaloliona kuwa la lazima kuliko yote. Kwa muda mrefu familia zilizohamishwa zimekuwa za kuambiwa: mmekuja wangapi, mpange foleni, mtarudi lini. Kadi ileile iliyoleta sauti ya wazee wa kijijini inaweza kurudi na sauti zenu. Dakika kumi za maneno yenu zina uzito wa megabaiti 42 hivi kwa kipimo tulichofanya leo. Msafiri yeyote mnayemwamini anaweza kuzibeba mfukoni, na kule kijijini watawasikia ninyi wenyewe mkisema mnachotaka.

Leteni kadi zenu baada ya mazungumzo haya. Vijana wawili kutoka kila kikundi wabaki, tufanye zoezi pamoja wakati umeme upo.